Mbona kwangu inakubali?

Saa tano na robo usiku simu ililia. Ilikuwa picha ya kioo cha laptopu, imepigwa kiupande, maandishi mekundu yamejaa toka juu hadi chini. Chini ya picha binti mmoja anayejifunza kuandika programu ameandika: "Kaka, imegoma tena. Leo siku ya tatu. Naona hii kazi haitaki kichwa changu."

Nikamjibu kwa sentensi ambayo karibu kila anayeandika programu ameshaitamka: "Mbona kwangu inakubali?"

Nilikuwa nasema kweli. Laptopu yangu ilikuwa inaibildi, yaani inaijenga, ile programu chini ya dakika moja, bila neno. Ila kweli ile haikumsaidia kitu. Yeye aliisoma usiku, bando limebaki kidogo, macho yamechoka, na alichosoma ni hiki: tatizo ni wewe. Na tatizo halikuwa yeye. Lilikuwa kwenye faili nililoliandika mimi miezi minane nyuma, nikalisahau kwa sababu kwangu halikuwahi kunisumbua.

Tangu usiku ule sijairudia sentensi hiyo kwa mtu anayejifunza, na makala hii ni ya kueleza kwa nini.

Programu yenyewe si kubwa. Inakaa kwenye ghala moja la dagaa pale soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza. Anayepajua Mwaloni anaujua ugomvi wake: ni uzito. Dagaa wanashuka kutoka visiwani wakiwa wameshakaushwa, wamejazwa kwenye magunia, na kabla ya kupakiwa kwenye lori la kwenda Kongo au Burundi wanakuwa wamepimwa mara mbili tatu, na kila mara namba inabadilika. Mama mwenye ghala alichoka kubishana. Alitaka mizani ya kidijitali iseme yenyewe: uzito, saa, mteja, kisha risiti itoke. Nikaunganisha mizani na kompyuta kwa waya, nikaandika programu kwa lugha ya C++, kumbukumbu zikawa zinatunzwa kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, kazi ikaanza.

Ugumu ni kwamba programu hiyo moja inatakiwa kukaa kwenye mashine tatu zisizofanana. Ofisini kwa mama kuna laptopu ya Windows, ambako anafungia hesabu za siku. Pembeni ya mizani kuna Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha ubao mmoja, kwa sababu kinakula umeme kidogo na kinaweza kukaa kwenye betri umeme ukikatika. Na mimi natumia Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux. Msimbo ni ule ule kwa zote tatu. Lakini msimbo ni maandishi tu. Ili uwe programu lazima ubildiwe, na kila mashine ina namna yake ya kubildi. Ni sawa na mtumbwi: chora mchoro mmoja, mpe fundi wa hapa na fundi wa pwani, kila mmoja ataanza kwa kuuliza mbao zake zinapatikana wapi.

Anayeuliza mbao zilipo, kwa upande wetu, ni CMake. Ilianza kuandikwa karibu mwaka 2000 na kampuni ya Kitware ya Marekani, kwa ajili ya ITK, mradi wa programu za kuchambua picha za kitabibu ambao ulitakiwa uende kwenye Windows na kwenye Unix vilevile. CMake haibildi chochote yenyewe. Inasoma faili linaloitwa `CMakeLists.txt`, inachunguza mashine yako ina nini, halafu inaandika maelekezo kwa ajili ya chombo kitakachofanya kazi: Make, Ninja, au Visual Studio. Kisha kompaila inageuza kila faili la msimbo kuwa lugha ya prosesa, na mwishoni linka inaviunganisha vipande vyote pamoja na laibrari, yaani msimbo ulioandikwa tayari na watu wengine, inatoka programu moja.

Hatua tatu hizo: kupanga, kukompaili, kuunganisha. Mtu akiniletea kosa siku hizi, swali langu la kwanza ni hatua gani imegoma. Ukilijua hilo umeshapunguza nusu ya msako, maana mara nyingi kosa la linka halitibiwi kwa kuhariri msimbo, wala kosa la kupanga kwa kubadilisha kompaila. Nimeona vijana wakifuta Windows nzima kwa ajili ya kosa ambalo lilikuwa ni njia ya folda iliyoandikwa vibaya.

Basi nikampigia binti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Usifute kitu chochote tena. Makosa yako mangapi?"

"Kumi na manne. Yote yanasema LNK2019."

LNK2019 ni sauti ya linka ya Microsoft. Maana yake: kuna jina limetajwa kwenye msimbo, nimelitafuta kwenye laibrari zote mlizonipa, silioni. Majina yenyewe yalikuwa `sqlite3_open`, `sqlite3_step` na ndugu zake. Yaani SQLite haikuonekana.

"Lakini SQLite ipo kaka, nimeiweka. Nimeiweka mara tatu."

"Nakuamini. Panda juu ya hayo mekundu. Panda mpaka uone mstari ambao si mwekundu."

Nikawa nasikia kidole chake kwenye kitufe. Yupo Nansio, kwao Ukerewe, na nyuma yake kulikuwa na jenereta ya jirani inanguruma.

"Kuna mmoja wa njano. LNK4272."

"Nisomee taratibu."

Akasoma. Ulikuwa unasema kwamba laibrari ni ya mashine aina ya x86, na anachojengewa ni cha x64. Onyo moja, la njano, limefunikwa na makosa kumi na manne mekundu yaliyozaliwa nalo. SQLite aliyokuwa nayo ni ya biti 32, programu inajengwa kwa biti 64. Kwenye laibrari ya Windows ya biti 32 jina la C huwa linaandikwa likiwa na mstari wa chini mbele: `_sqlite3_open`. Linka ilikuwa inamwita mtu kwa jina moja, na ndani ya nyumba yumo mwenye jina linalofanana na hilo lakini si hilo. Hakuna aliyeitika.

"Lakini hiyo niliacha kuitumia jana," akasema. "Niligundua ni ya biti 32, nikaweka nyingine ya 64 kwenye folda nyingine. Nikabildi upya. Ikagoma vilevile, ndiyo nikaona tatizo siyo hilo."

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu nilielewa kilichompata, na kiliniuma. Siku ya pili alikuwa ameshalipata jibu. Alilipata peke yake, bila kumwuliza mtu, na mashine ikamkatalia.

CMake ina kumbukumbu. Ikishapata kitu mara ya kwanza inaandika mahali ilipokipata kwenye faili linaloitwa `CMakeCache.txt`, ndani ya folda ya bildi, ili isihangaike kutafuta tena. Ikishaandika, haiulizi. Unaweza kuileta laibrari sahihi, ukaiweka sehemu nzuri, ukaita CMake mara ishirini. Itaendelea kuelekeza kule kule ilikoandika siku ya kwanza. Kompaila uliyochagua mara ya kwanza inashikwa namna hiyo hiyo. Kwa mtu anayerudia kazi ile ile kila siku kumbukumbu hiyo ni msaada mkubwa. Kwa mtu anayetafuta kosa, ni shahidi anayerudia maneno ya juzi.

Nikamwambia alifungue faili hilo kwa kihariri cha kawaida, atafute neno `SQLite3_LIBRARY`.

Kimya. Halafu: "Kaka! Hii ndiyo ile folda ya juzi! Bado ipo humu!"

"Ifute folda ya bildi yote. Siyo msimbo, folda ya bildi tu. Anza upya."

Dakika nne. Ikakubali. Saa sita kasoro usiku akanitumia picha nyingine, safari hii imenyooka.

Watu wengi wangeishia hapo: ukikwama futa folda ya bildi. Ni ushauri mzuri, na tangu toleo la 3.24 la mwaka 2022 CMake yenyewe ina amri ya `--fresh` inayoisahaulisha. Lakini mimi sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza kwa nini binti alilazimika kuelekeza laibrari kwa mkono toka mwanzo. Asubuhi nikafungua faili langu la `CMakeLists.txt` nikalisoma kama mgeni. Mstari wa kumi na tisa ulikuwa na njia kamili ya folda iliyoko kwenye laptopu yangu, inaanza na `/home` halafu jina langu. Hakuna kompyuta nyingine duniani yenye folda hiyo. Niliuandika usiku, nikitaka tu kazi iende, nikauacha. Hapakuwa na maelezo ya toleo gani la CMake linahitajika, wala neno kwamba programu ni ya biti 64, wala SQLite inatoka wapi. Vyote hivyo vilikuwa vimeandikwa mahali pamoja tu: kwenye mashine yangu, kwa namna ambayo hata mimi sikujua vimeandikwa.

Hiyo ndiyo maana halisi ya "kwangu inakubali". Mashine yangu inajua mambo ambayo mradi haukuyasema.

Nikaanza kuyatafuta mambo hayo moja baada ya jingine, na msako ukanichukua wiki kadhaa, maana mashine ya tatu, ile Pi ya kwenye mizani, ilikuwa na yake.

Kwanza nilifikiri nibildi kwenye laptopu yangu kisha ninakili programu kwenye Pi kwa flashi. Ikaniambia `Exec format error`. Hilo lilikuwa la haki: prosesa ya laptopu ni ya Intel, ya Pi ni ya ARM, hazisikilizani. Nikaweka kompaila ya kubildi kwa ajili ya ARM nikiwa bado kwenye laptopu. Ikabildi vizuri. Nikabeba flashi, nikapanda daladala hadi Kirumba, nikachomeka, nikaendesha. Safari hii ikaniambia `GLIBC_2.34` haipo.

Glibc ni laibrari ya msingi kabisa ya Linux. Karibu kila programu ya C inaiegemea. Toleo la 2.34 lilitoka Agosti 2021. Ubuntu yangu ya 22.04 ina 2.35, na Pi ile ilikuwa na mfumo wa Debian 11, wenye 2.31. Programu iliyobildiwa kwa glibc ya zamani itakwenda kwenye mpya. Iliyobildiwa kwa mpya haikubali kurudi nyuma. Na huna namna ya kukwepa kwa kusema "mimi situmii mambo mapya", kwa sababu kuanzia 2.34 hata ile hatua ya kuianzisha programu, kabla mstari wako wa kwanza haujasomwa, ilipewa alama mpya ya toleo. Kila kitu kilichobildiwa hapo kinaidai.

Niliwaza kuipandisha Pi iwe na mfumo mpya. Mama mwenye ghala alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, magunia yanapita mbele yake yanapimwa kwa mizani ya zamani ya kuning'iniza.

"Mwanangu, imepona?"

"Bado mama. Imebildiwa kwa mashine mpya kuliko hii."

"Basi si uijenge hapa hapa ilipo?"

Alisema kama mtu anayesema jambo la kawaida, na kwa kweli ndilo lilikuwa jibu. Ukitaka kitu kiende kwenye mashine kongwe, kijenge ukiwa na vitu vya mashine kongwe. Ama ubildi juu ya mashine yenyewe, ama unakili laibrari zake zote kwenye folda moja ya laptopu yako na kumwambia CMake, kwa faili la pekee la maelekezo ya kompaila, asitafute kitu nje ya folda hiyo. Mimi nina Pi ya pili nyumbani Mabatini, yenye mfumo ule ule. Nikaamua kubildi pale.

Na pale ndipo nilipokutana na kosa lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu halikuwa na ujumbe wowote.

Ilikuwa Jumanne. Nilibildi saa tisa kasoro mchana, nikaona kasoro kwenye namna risiti inavyoonyesha gramu. Kabla sijairekebisha umeme ukakatika. Ukarudi saa moja na nusu usiku. Nikawasha Pi, nikarekebisha mstari mmoja, nikabildi. Ninja ikasema `no work to do`, hakuna kazi ya kufanya. Nikaendesha: gramu bado mbovu. Nikafungua faili, marekebisho yapo. Nikabildi. Hakuna kazi. Nikarekebisha kwa namna nyingine. Gramu zile zile. Nikaanza kulitilia shaka hesabu langu, nikachukua karatasi, nikagawanya kwa mkono.

Adhana ya isha ikaanza kusikika. Nikainua macho, na pembeni ya kioo saa ya Pi ilikuwa inasoma 14:41.

Raspberry Pi, kabla ya Pi 5, haina saa yenye betri. Ikizimwa haijui muda unaenda. Ikiwashwa inaomba saa kwenye intaneti, na ikikosa intaneti inaanzia kwenye saa ya mwisho iliyojiandikia. Ruta yangu ilikuwa haina bando jioni ile. Kwa hiyo Pi iliamini ni saa nane na dakika arobaini na moja mchana. Na vyombo hivi vya kubildi, Make na Ninja vilevile, vinaamua nini kijengwe upya kwa kutazama muda: kama faili la msimbo limehaririwa baada ya kipande kilichotokana nalo, kijenge tena, kama la, kiache. Vipande vyangu vilikuwa vya saa tisa kasoro. Marekebisho yangu, kwa saa ya Pi, yalikuwa ya kabla ya hapo. Kwa hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: hakuna kipya. Make ingeniambia kuna faili la muda ujao, saa yako imepinda. Ninja haikusema.

Nilikuja kukumbuka jinsi Make yenyewe ilivyozaliwa. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1976, baada ya mwenzake Steve Johnson, yule aliyetengeneza Yacc, chombo kingine cha waandika programu, kuingia ofisini kwake akilalamika kwamba amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa kwenye programu ambayo ilikuwa tayari imerekebishwa, ila kipande kilichorekebishwa hakikuwa kimekompailiwa upya. Karibu nusu karne baadaye, Mabatini, nimekaa na karatasi nikigawanya gramu, maumivu ni yale yale. Sikuona aibu. Nilijisikia kama nimekaa na watu wale chumba kimoja.

Nilinunua visaa viwili vidogo vya DS3231, vile vinavyotumia betri ya duara bapa, nikavichomeka kwenye Pi zote mbili. Kwa anayefanya kazi hii sehemu yenye umeme wa kukatikakatika, naomba sana: angalia saa ya mashine kabla hujatilia shaka akili yako.

Herufi za ARM zilinipa kosa jingine ambalo nalitaja haraka. Kwenye Intel, kompaila inaichukulia `char`, aina ya data ya kutunzia herufi moja, kuwa namba inayoweza kuwa hasi. Kwenye ARM ya Linux haina hasi. Nilikuwa nasoma faili la bei herufi kwa herufi na kuweka jibu kwenye `char`, nikisubiri -1 ya mwisho wa faili. Kwenye Pi -1 ile iligeuka 255, mwisho wa faili haukufika kamwe, programu ikaganda. Ipo swichi ya kompaila, `-fsigned-char`, ya kulificha hilo. Nilijaribiwa kuiweka. Lakini swichi ya namna hiyo ni siri nyingine ya kumwachia mtu wa baadaye. Nikabadilisha `char` kuwa `int`, aina ya namba kubwa zaidi, inavyotakiwa toka awali.

Kuhusu SQLite uamuzi ulikuwa rahisi zaidi ya nilivyodhani. Wenyewe wanaitoa pia ikiwa faili moja kubwa la C, zaidi ya mistari laki mbili, na haina mwenye haki: ni mali ya umma. Nikaliweka faili hilo ndani ya mradi. Sasa CMake haitafuti SQLite popote, kwa sababu inajengwa pamoja na programu, kwa kompaila ile ile, kwa biti zile zile. Kuna watu watasema hivyo si nadhifu, kwamba laibrari inatakiwa ikae nje na ipakuliwe na chombo cha kupakulia. Huko kwenye intaneti ya bure ya ofisini ni sawa. Huku, ambako mtu anakata bando la siku, kila kinachopakuliwa wakati wa kubildi ni pesa ya mtu. Mimi nachagua kubeba.

Nikaongeza faili la `CMakePresets.json`, ambalo CMake inalisoma tangu toleo la 3.19, lenye mipangilio ya kubildi kwa majina matatu: dirisha, pi, na ubuntu. Amri ndefu niliyokuwa naiandika kwa kukumbuka ikawa neno moja. Na binti nikampa kazi ya kuandika maelekezo kwa Kiswahili, kwa sababu yeye ndiye aliyekwama, kwa hiyo ndiye anayejua mtu anakwamia wapi. Mimi nisingeweza kuyaandika. Mimi kwangu inakubali.

Wiki mbili baadaye akanitumia mabadiliko yake ya kwanza. Nikabildi kwenye Ubuntu: faili `Mizani.h` halipo. Nikampigia.

"Mbona kwangu inakubali, kaka?" akasema, halafu hapo hapo akajikamata: "Subiri. Nipe jina la faili kama lilivyo kwako."

"`mizani.h`. M ndogo."

Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, na Mac kwa kawaida haijali pia. Linux inajali. Alirekebisha kabla sijakata simu, na hakuishia hapo: jioni yake akaandika kikagua kidogo kinachopitia mafaili yote na majina yao. Kikakamata mengine mawili, yote ya kwangu. Kikakamata pia skripti iliyohaririwa kwenye Windows ikabeba alama za mwisho wa mstari za Windows, zile zinazofanya Linux ilalamike kwamba hakuna kitu kinachoitwa `/bin/sh^M`. Akaweka faili la `.gitattributes`, linalosomwa na Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, linalolazimisha skripti zote zibaki na alama za Linux.

Jaribio la mwisho alilichagua mwenyewe. Aliazima laptopu ya binamu yake, iliyokuwa na kompaila na CMake tu, haijawahi kuuona mradi wetu. Akaweka mradi kwenye flashi. Akazima data. Akapanda meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio.

Meli ikishaiacha bandari, Jiwe la Bismarck likabaki nyuma, mtandao unaanza kuyumba, na katikati ya ziwa sehemu nyingine hakuna kabisa. Kwa saa kadhaa sikusikia kitu. Nilikuwa Mwaloni, namsaidia mama kubadilisha karatasi ya mashine ya risiti, na simu nimeiweka juu ya gunia ili niione.

Ilipolia ilikuwa picha. Laptopu imewekwa mapajani, nyuma yake dirisha la meli na maji. Kwenye kioo, mistari ya CMake, hakuna mwekundu hata mmoja, na chini kabisa njia ya folda inayoishia na `mizani.exe`. Betri asilimia tisa.

Ujumbe wake: "Imekubali mara ya kwanza. Ila mstari wa sita wa maelekezo nimeuandika vibaya, mtu atadhani aanze na folda ya ndani. Nimeshausahihisha, nikifika nyumbani naituma."